Dondoo Muhimu: Nauli Nafuu na Utani wa Mlimani
Abiria anayetoka Nairobi kwenda Nyeri, mwendo wa takriban kilomita 150 kupitia Sagana na Karatina, huokoa fedha akisafiri nje ya msimu wa sikukuu, kwa kuwa matatu za sako, yaani vyama vya akiba na mikopo vinavyosimamia magari, hupandisha nauli msimu huo.

Njiani utani huwaandama wanawake wa Nyeri, wanaosemekana kuwatandika waume zao. Mgeni asiuchochee, kwani kipigo cha nyumbani ni jeraha la kweli, yeyote anayeumizwa.

Mbele ya Nyeri, mjini Nanyuki, penye kibao cha ikweta, onyesho la maji yanayozunguka kinyume kaskazini na kusini hufurahisha sana, ingawa mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji ya beseni. Bei ikubaliwe kabla ya onyesho kuanza.