Suali la Paka Mwenye Maradhi ya Sukari



Baada ya darasa tumeletewa suali na mama mmoja. Anaye paka dume wa miaka kumi, aliyehasiwa, naye alikuwa amenona sana. Siku hizi hunywa maji bila ya kukoma, hukojoa kila mara, hula kuliko zamani, na juu ya hayo akonda. Daktari wa wanyama amempima, akasema ana maradhi ya sukari na atahitaji sindano kila siku. Jirani mmoja asema ameingiliwa na pepo. Mwingine asema atupwe sokoni, kwani kumgharimia ni israfu. Mama auliza: Nimfanyeje? Na dawa yenyewe nasikia yatoka kwa nguruwe; je, yafaa?

Jawabu: Ama habari ya pepo, haina asili. Mwilini mna kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari damuni na kuiingiza katika nyama za mwili. Paka akinona, na hasa dume aliyehasiwa ashindaye amelala ndani, mwili huacha kuitii insulini na kongosho huchoka. Sukari ikajaa damuni, ikamwagika katika mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo sababu ya kiu. Wengine hata hukanyaga kwa visigino vya nyuma badala ya vidole. Hirizi haiponyi kongosho.

Ama kumtupa, sote twaijua habari waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Huenda mtu akasema: Mimi simfungi, namwachilia. Twasema: Huachiliwa awezaye kujitafutia. Huyu ni mgonjwa aliyezoea kulishwa. Kumtupa sokoni ni kumwua kwa njaa na kiu mbali na macho yako. Asiyeweza gharama na amtafutie mtu awezaye. Wala matumizi kwa kiumbe aliye chini ya mkono wako si israfu. Anayetafuta israfu na aitazame karamu ya harusi yake.

Ama dawa, insulini ni za namna nyingi. Moja wapewayo paka hutolewa kwa nguruwe. Nyingine, kama glarjini, hutengenezwa kwa bakteria, wala haikutoka kwa nguruwe. Nayo hutumiwa sana kwa paka. Basi mama na amwombe daktari hiyo. Ikikosekana kabisa, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamejuzisha kujitibu kwa najisi isiyokuwa ulevi, pasipopatikana tohara ya kushika mahali pake. Ikiwa ni hivyo kwa binadamu, seuze mnyama asiyekalifishwa! Lakini ikimgusa mkono, na ajitwahirishe kabla ya kusali.

Lililobaki ni kazi ya kila siku, nayo yataka uaminifu kuliko elimu. Kwa kawaida sindano hupigwa chini ya ngozi mara mbili, saa 12 baina yake. Kwetu pwani ni jambo jepesi: saa 12 asubuhi baada ya Alfajiri, na saa 12 jioni kabla ya Maghribi. Ramadhani isibadilishe saa hizo, paka hafungi. Chakula chake kiwe cha nyama nyingi na wanga kidogo, si wali wala mkate. Ila daktari aambiwe kabla ya kukibadilisha, kwani huenda kipimo cha dawa kikapaswa kupunguzwa. Dawa iwekwe katika friji, isigandishwe.

Na tahadhari ya kwanza ni hii: usimpe insulini ya mgonjwa wa nyumbani pasi na amri ya daktari. Kuna insulini ya yuniti 40 na ya yuniti 100 katika mililita moja, na kila moja ina bomba lake. Ya 100 ikivutwa kwa bomba la 40, paka atapata mara mbili na nusu ya kipimo chake.

Sukari ikishuka mno, paka hulegea, huyumba, na huweza kutukutika kwa kifafa. Hapo mpake asali katika fizi, usimmiminie kinywani aliyezimia, kisha mkimbize kwa daktari. Na akikataa kula, usimpige sindano mpaka umwulize daktari.

Wala mama asikate tamaa. Paka akitibiwa mapema na akapunguzwa unene polepole, huenda kongosho likapata nguvu tena na daktari akaamuru sindano ziachwe. Kwa hiyo apimwe mara kwa mara. Kipimo kilichomfaa jana huenda kikamdhuru kesho.

Hatukusema haya ili paka atangulizwe mbele ya mtoto au jirani mwenye njaa. Twasema tu kwamba aliyemfungulia mnyama mlango wake alipokuwa mzima, asimfungie alipougua.

Wallahu aalam.