Wote, Baadhi na Kila: Tangazo Lililoniumbua



Nimeombwa niandike somo la lugha, nami naanza na kosa langu mwenyewe. Kabla ya Ramadhani tulikuwa tukikusanya mchango wa futari. Kwa kuwa Kiswahili nilijifunza Kakuma, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaandikia tangazo ndugu wa Uganda na Kenya wanaoswali nasi hapa Rejaf. Nilitaka kusema kwamba wapo waliolipa na wapo ambao bado. Nikaandika: "Wanachama wote hawajalipa mchango."

Baada ya swala ya Ijumaa aliniita mama mmoja Mnubi kutoka Arua, anayeuza chai kando ya barabara. Yeye alikuwa wa kwanza kulipa. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani mimi si mwanachama?"

Sikuwa na la kujibu. Tangazo langu lilikuwa limesema hakuna hata mmoja aliyelipa, na watu walikuwa wamelisoma tangu asubuhi.

Kosa lilikuwa hili. Ukisema "wote" halafu ukakanusha kitenzi, umemkumba kila mtu. Ukitaka kuikanusha hiyo "wote" yenyewe, weka "si" mbele: "Si wanachama wote waliolipa." Au sema "Baadhi ya wanachama hawajalipa." Mimi nilikuwa nimefikiri kwa Kiingereza cha darasani, ambamo sentensi ya namna ile huweza kubeba maana zote mbili. Kiswahili hakikunisamehe.

Sisi tunaosoma nahau ya Kiarabu tunalo la kutusaidia. Neno kull likifuatwa na nomino ya umoja isiyo na al, maana yake ni kila: kullu talib, kila mwanafunzi. Likifuatwa na wingi wenye al, ni wote: kullu al-tullab, wanafunzi wote. Kiswahili kimezigawa kazi hizo mbili. "Kila", lililotoka kwenye kull hiyohiyo, hukaa mbele ya nomino na halibadiliki: kila mtu, kila kitabu, kila nyumba. "-ote" hukaa nyuma na hufuata ngeli: watu wote, vitabu vyote, nyumba zote, na pia sisi sote, nyinyi nyote. (Rafiki yangu anayejifunza Kihispania kwa simu ananiambia huko nako ni hivyohivyo: cada halibadiliki, todo hubadilika.)

Kiarabu cha Juba kina kulu tu kwa kazi zote mbili, na ketir kwa kingi chochote, bila kujali nomino. Ndiyo maana wenzetu wa hapa husema "kila watu". Sema "kila mtu" au "watu wote". Na inachekesha kidogo kwamba hapahapa Rejaf, mwaka 1928, ulifanyika mkutano wa kuchagua lugha za kufundishia shule za kusini. Zilichaguliwa Kibari, Kidinka, Kinuer na nyingine, Kiarabu hakikuwamo. Nenda sokoni leo usikie kulu na ketir.

Jambo jingine dogo: "-ingi" hutumika kwa vinavyohesabika na visivyohesabika, yaani vikombe vingi, sukari nyingi. Lakini "-chache" ni ya kuhesabu. Vikombe vichache, ndiyo; sukari ni kidogo.

Sasa "baadhi", ambalo ni ba'd la Kiarabu. Tazama aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat, inayokataza dhana mbaya. Katika amri ya kujiepusha limetumika neno kathir, nyingi. Katika kuitaja dhana iliyo dhambi limetumika ba'd, baadhi. Eneo la kujihadhari limefanywa pana kuliko eneo la dhambi lenyewe, kwa sababu mtu hajui ni ipi kati ya dhana zake iliyo dhambi. Mfasiri akiweka "zote" mahali pa "baadhi", amefanya hata hadhari ya kawaida ya mfanyabiashara kuwa dhambi. Akiweka "chache" mahali pa "nyingi", amempa mtu ruhusa asiyopewa. Tangazo langu lilikuwa na kosa la namna hiyo: waliostahili kukumbushwa walikuwa baadhi, mimi nikawataja wote.

Jumatatu nilibandika tangazo jipya: "Baadhi ya wanachama bado hawajalipa mchango. Waliolipa, Mwenyezi Mungu awalipe kheri." Mama alilisoma, akanimiminia chai, akaniuliza hao baadhi ni nani. Nilikuwemo. Nililipa Alhamisi.

Zoezi. Sahihisha: (a) Kila wanafunzi wamefika. (b) Nipe maziwa machache. (c) Milango yote haikufungwa, miwili ilibaki wazi.