Pima hewa kabla ya kufunga gunia

Kipupwe kimeshika Ufipa, na mahindi yameanikwa kwenye maturubai kuanzia Sumbawanga hadi Namanyere. Wengi bado wanapima ukavu kwa meno: punje ikilia, gunia linafungwa. Lakini meno hayatofautishi unyevu wa asilimia 13 na wa 16, na hapo katikati ndipo kuvu inapopata nafasi ya kuota na kuacha sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu unaozidi asilimia 13.5.

Punje huvuta unyevu au kuutoa kufuatana na hewa inayoizunguka. Mahindi yakikaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65, hutulia karibu na 13. Hewa ikifika 85, huelekea 18. Ndiyo maana mzigo uliokauka vizuri huku juu unaweza kulowa upya ukishushwa Kabwe kusubiri boti, kwenye joto na mvuke wa ziwa.

Ili kupima unyevu huo wa hewa, vituo vya hali ya hewa huweka vipimajoto viwili ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya. Kimoja hufungwa kitambaa chenye maji. Maji yakivukiza hukipoza, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo tofauti ya vipimo inavyokua. Vikilingana, hewa imeshiba mvuke. Njia nyingine ni unywele, ambao hurefuka ukipata unyevu: mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alieleza kifaa chake kilichosukuma mshale kwa unywele wa binadamu. Vifaa vidogo vya betri vina utando mwembamba unaonyonya mvuke. Uwezo wake wa kuhifadhi umeme hubadilika, na namba hutokea kiooni.

Ukinunua cha betri, kikague kwanza. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, dondoshea maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke yote. Weka kizibo na kifaa ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, kwenye kivuli, usiku kucha. Asubuhi kisome 75. Kikisoma 70, basi kila utakapopima ongeza 5.

Sasa pima mahindi. Acha punje zipoe, chota za katikati na za chini ya rundo, zitie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kifaa, toa hewa, funga. Subiri namba itulie, kama nusu saa. Ikiwa 65 au chini, hifadhi. Ikizidi, rudisha juani.

Saa za kuanika nazo zina hesabu yake. Hewa ya asubuhi yenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 80, ikipata joto hadi nyuzi 26 bila kuongezewa mvuke, hushuka hadi karibu 40. Kwa hiyo anika umande ukishakauka, kuanzia saa nne, geuza mara kwa mara, na kusanya kabla ya saa kumi na moja jioni. Mahindi yanayolala nje bila kufunikwa hurudishiwa na umande sehemu ya unyevu uliotolewa na jua.

Anayepeleka mzigo Kabwe atumie mifuko isiyopitisha hewa, si salfeti tupu. Apange juu ya chaga, mbali na ukuta, na kama mzigo utakaa siku kadhaa, apime tena kabla haujapanda botini.