Samaki Apikwe Kwanza, Siki Ifuate

Achari ya samaki ina faida ya kweli kwa kaya iliyonunua sangara mkubwa ikashindwa kummaliza siku hiyohiyo. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia zinazokaa kandokando ya Ziwa Victoria, iwe Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu au visiwani, na kwa yeyote anayepata sato au kambale wa bwawani. Hakikatazi siki. Kinachokatazwa ni kumtia siki samaki mbichi, kumwacha alowe, kisha kumla bila kumpitisha motoni.

Upishi huo wa samaki mbichi umeletwa na simu. Kwao ni nchi za baridi: Skandinavia, na majimbo ya Marekani yaliyo karibu na Maziwa Makuu ya huko, ambako samaki wa maji baridi aitwaye pike hulazwa kwenye chumvi, halafu kwenye siki yenye sukari na vitunguu. Mpishi wa kwetu akitazama video anamweka sato mahali pa pike na kuendelea. Asichokiona ni kazi iliyotangulia. Wataalamu wa huko huwataka watu wamgandishe samaki kwanza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, kwa sababu pike hubeba mabuu ya tegu. Tegu huyo akishakomaa tumboni mwa mtu anaweza kufikia urefu wa mita 10, na humnyonya mwenyeji wake vitamini B12. Sehemu ya barafu ya friji nyingi za nyumbani haifiki ubaridi huo, seuze kuukalia wiki nzima.

Samaki wetu nao wana minyoo yao. Anayeparua sato au kambale mara nyingi hukuta vijinyoo vya manjano karibu na mashavu au ndani ya nyama. Siki haitegemewi kuviua, wala ndimu. Nyama iliyolowa kwenye uchachu hugeuka nyeupe na kukaza kama iliyoiva, na hapo ndipo macho yanapodanganyika: rangi imebadilika, lakini mdudu hajaguswa na joto.

Siki inazuia nini

Adui mkubwa kuliko minyoo ni bakteria anayesababisha botulizimu. Mbegu zake hukaa kwenye udongo na tope la ziwa, na samaki huzimeza, hivyo matumbo ndiyo ghala lake. Mbegu hizo hazifi kwa maji yanayochemka. Zikipata chakula, joto na mahali pasipo hewa, huamka na kutengeneza sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Uchachu ndio unaozizuia: pale kipimo kiitwacho pH kinapokuwa chini ya 4.6, haziwezi kuota. Kwa hiyo siki ina kazi kubwa, ila kazi hiyo ni ya kulinda chakula kilichopikwa, na inafanyika tu kama uchachu umefika mpaka katikati ya kipande.

Misri waliiona hatari ya matumbo hayo mwaka 1991. Kwa sikukuu ya Sham el-Nessim watu hula fesikh, samaki aliyevundikwa kwa chumvi akiwa mzima, na wengine hawamtumbui. Mwaka huo botulizimu iliwalaza hospitalini watu 91 na kuwaua 18. Ndiyo maana dagaa, ambao hakuna anayewatumbua mmojammoja, hawaingii kwenye chupa ya siki. Dagaa ni wa kuanika kwenye kichanja na kukauka vizuri.

Namna ya kutengeneza

Chagua samaki mpya: macho maangavu, mashavu mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Ukinusa harufu ya mafuta ya taa au dawa ya shambani, mwache hapohapo sokoni. Wavuvi wanaotumia sumu hawajaisha, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa ziwa hili kwa sababu hiyo. Sumu ya namna hiyo haiondoki kwa kuosha, kupika wala kutia siki.

Mtumbue mara moja, osha tumbo kwa maji safi, na kama hupiki papo hapo mlaze kwenye barafu. Kwa kilo moja ya minofu, kata vipande visivyozidi unene wa sentimita 2. Paka chumvi, acha nusu saa, kisha kaanga au chemsha mpaka nyama imeguke yenyewe kwa uma na isibaki ung'avu katikati. Sangara ana nyama nene, kwa hiyo pasua kipande kimoja uhakikishe.

Siki iwe ya dukani, yenye lebo inayosema asilimia 5. Chupa isiyo na lebo huenda imeongezwa maji, na siki ya embe au ya nazi ya nyumbani, tamu kwenye kachumbari, haina kipimo kinachojulikana. Vikombe viwili vya siki kwa kimoja cha maji ni mchanganyiko mzuri. Ukiona ni kali, ongeza sukari, usiongeze maji. Tia vitunguu maji, vitunguu saumu, pilipili, manjano na uwatu, chemsha, halafu mimina juu ya samaki mpaka vipande vyote vizame. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, maana siki hula alumini. Chupa ziwe za glasi, zilizochemshwa dakika 10, na ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa isikaribie jikoni.

Kuna mazoea ya kumimina mafuta juu ya achari ili “isiharibike”. Kwa embe yanaweza kupita. Kwa samaki yaache, kwa sababu tabaka la mafuta hufukuza hewa, na kukosa hewa ndiko kunakomfaa bakteria wa botulizimu.

Kutunza

Samaki wa siki ni chakula cha friji, si cha kabatini, hata mfuniko ukaze vipi. Friji iwe nyuzi 4 au chini ya hapo. Miongozo ya Marekani huruhusu wiki 4 hadi 6 katika baridi hiyo. Kwa friji inayofunguliwa na watoto kutwa, tena umeme ukiwa wa kuja na kuondoka, siku 7 zinatosha. Umeme ukikatika zaidi ya saa 4, mwaga. Kaya isiyo na friji ipike kiasi cha mlo mmoja na kukimaliza. Samaki wa ziada akaushwe. Mfuniko uliovimba, povu au mchuzi unaorusha hewa ni dalili tosha: usionje hata kwa ncha ya ulimi, maana sumu ya botulizimu haina ladha. Lakini kukosekana kwa dalili hizo hakumaanishi chakula ni salama.

Mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu wale samaki aliyetoka motoni siku hiyo. Listeria, bakteria anayeweza kuharibu mimba, huendelea kukua hata ndani ya friji.

Mgonjwa wa botulizimu kwa kawaida hana homa. Mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula huanza kuona vitu viwiliviwili, kope huanguka, mdomo hukauka, maneno huburuta, kumeza huwa shida, kisha mikono na miguu hulegea. Dalili zinaweza pia kuchelewa siku kadhaa. Msimpe maziwa mkangoja. Mpelekeni hospitali mara moja, mbebe na chupa ya achari iliyobaki, mwambieni daktari alikula nini na lini, na mwiteni kila aliyekula kwenye chupa hiyo naye akapimwe.