Paa la Zamani na Vumbi Lake

Fungu la kusoma: Mambo ya Walawi 14:33-45

Katika fungu hili Mungu awafundisha Waisraeli habari za nyumba yenye pigo ukutani. Mwenye nyumba asifiche jambo hilo, bali aende kwa kuhani amwambie. Kwanza vyombo vyatolewa nje. Kisha nyumba yaangaliwa, yafungwa siku 7, na mawe yenye pigo yatolewa na kutupwa nje ya mji, mahali pasipo safi. Hata vumbi lililokwanguliwa ukutani latupwa huko huko. Mungu hakuona kuwa ni jambo dogo kusema habari za vumbi la nyumba. Basi nasi tusilidharau.

Tuseme mzee mmoja wa kanisa hapa Salamabila amepata nyumba ya zamani, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Mvua yavuja, naye ataka kuweka mabati mapya ya chuma. Fundi apanda juu na nyundo, avunja mabati ya zamani ya simenti ili yaanguke upesi. Watoto waokota vipande na kuchora navyo kama chaki. Mama afagia ua. Jioni wote ni weupe kwa vumbi, wanawa na kula kwa furaha. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyekohoa. Lakini huenda siku hiyo hatari imeingia katika vifua vyao, nao hawana habari.

Hatari hiyo ni nini?

Ni asbesto, ambayo Kifaransa huiita amiante. Ni jiwe lichimbwalo katika ardhi, nalo lina nyuzi nyembamba sana. Nyuzi hizo haziungui wala haziozi. Mwaka 1901 Ludwig Hatschek wa Austria alipata hati ya kutengeneza mabati kwa kuchanganya nyuzi hizo na simenti. Aliyaita Eternit, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya milele. Mabati hayo yalienea duniani pote, na hapa Kongo pia yapo majengo ya zamani yaliyoezekwa nayo.

Kweli yadumu sana. Lakini nyuzi zake nazo zadumu ndani ya mapafu. Ukivunja bati au kulikata, nyuzi zaruka hewani. Huzioni kwa macho, wala hazina harufu. Ukizivuta zashuka mpaka ndani kabisa, na mwili hauwezi kuziyeyusha. Polepole mapafu yafanya makovu na kuwa magumu, au yapata kansa. Ugonjwa waweza kukawia miaka 20, hata 40 na zaidi. Kwa sababu hiyo watu hawaoni kwamba vumbi la zamani ndilo lililowaua.

Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha kwamba watu waliokaa karibu na machimbo ya asbesto walipata kansa ya utando unaofunika mapafu. Wengine hawakuwa wachimbaji kamwe. Walikaa tu karibu nayo walipokuwa watoto. Mwaka 1965 madaktari wa London waliona ugonjwa huo kwa wanawake waliofua nguo za kazi za waume zao. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila mwaka watu zaidi ya 200,000 hufa kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini. Ubelgiji yenyewe ilikataza mabati hayo mwaka 1998. Kenya iliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari katika kanuni zake za mwaka 2006, na jirani zetu wa Rwanda wamekuwa wakiondoa mapaa hayo katika nchi yao.

Utayajuaje mabati hayo?

Ni ya rangi ya kijivu, manene kuliko bati la chuma, tena mazito. Hayashiki kutu, bali huota kuvu na majani madogo. Ukiyagonga kidogo kwa kidole hayalii kama chuma, na sumaku haishiki. Mengine ni bapa, nayo yaliwekwa darini au ukutani. Mabomba ya zamani ya maji na ya moshi pia yaweza kuwa ya namna hiyo. Usivunje kipande ili kutazama ndani. Ni maabara tu yenye darubini iwezayo kujua hakika. Basi ikiwa nyumba ni ya zamani na bati ni la simenti, lihesabu kuwa ni la asbesto.

Yafaa kufanya nini?

1. Ikiwa paa ni zima, liache. Bati lisilovunjika wala kuchakaa halitoi vumbi jingi, na mtu akaaye chini yake asiogope. Usilikwangue, usilisugue kwa burashi, usilitoboe.

2. Ikiwa ni lazima kuliondoa, chagua siku isiyo na upepo. Toa vyakula, vyombo na vitanda kwanza, kama vile kuhani alivyoamuru. Watoto na wageni wakae mbali.

3. Lowesha mabati kwa maji kabla ya kugusa, na tena wakati wa kazi. Vumbi lililolowa haliruki. Lakini angalia sana: bati la zamani huvunjika chini ya mguu, tena likilowa lateleza. Mtu asikanyage juu yake. Afanye kazi juu ya ngazi na mbao imara.

4. Fungua misumari polepole, shusha bati moja moja likiwa zima. Usitumie msumeno wala nyundo ya kuvunja, wala usilitupe chini.

5. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi. Tafuta maski ya mafundi izuiayo vumbi jembamba, yenye alama FFP3. Kama huna, kazi ingoje mpaka upate.

6. Usifagie vumbi kavu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa hicho kizikwe pamoja na mabati. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zikiwa zimelowa, wala zisikung'utwe.

7. Funga mabati kwa plastiki nene, safu mbili. Mwambie shefu wa mtaa na ofisi ya mazingira, mpate mahali pa kuyazika. Shimo liwe refu, mbali na kisima, mto na shamba, wala si mahali ambapo wachimbaji wa dhahabu watafukua kesho. Wekeni alama.

8. Usiuze mabati hayo, wala usimpe maskini aezeke jiko lake. Zawadi yenye mauti si sadaka. Tena usisage vipande kuwa vya kusugulia sufuria.

Na kama umekwisha kuvuta vumbi hilo?

Usikate tamaa. Aliyevuta mara moja, hatari yake ni ndogo kuliko ya fundi aliyevuta miaka mingi. Lakini acha tumbaku leo, maana asbesto na tumbaku pamoja huzidisha sana hatari ya kansa ya mapafu. Ukikohoa majuma 2, njoo hospitalini upimwe makohozi, kwa sababu mara nyingi huku kwetu ni kifua kikuu, nacho chapona kwa dawa. Ukiona pumzi yapungua, kifua chauma, au mwili wakonda, njoo pia, ukamwambie daktari kazi zote ulizofanya, hata zile za ujanani. Hakuna dawa ya kutoa nyuzi hizo kifuani. Mtu akikuambia kwamba ataziondoa kwa mizizi au kwa chanjo, akudanganya, atakula fedha yako bure.

Ndugu, watoto wako hawawezi kuchagua vumbi watakalovuta. Wewe ndiwe uchaguaye. Kazi ya siku moja ikifanyika polepole, huenda ikawapa pumzi njema mpaka uzee.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Kwa nini vyombo vilitolewa nje kabla kuhani hajaingia?
2. Paa zima na paa lililovunjwa, lipi ni la hatari, na kwa nini?
3. Je, katika nyumba yako, shule yako au kanisa lako yako mabati ya namna hii? Utamwambia nani?