Ufunguo wa Ghala Lisiloonekana



Hapana mkulima achambuaye karafuu zake, akazianika juani hata zikakauka, kisha akaliacha ghala bila kufuli. Lakini fedha za karafuu hizo hizo, zikiisha kuingia katika simu, wengi wetu huzifunga kwa 1234. Hilo si kufuli. Ni mlango ulioegeshwa tu.

Karafuu hazilimwi visiwani petu tu. Wenzetu wa milima ya Uluguru, pande za Matombo na Mkuyuni, nao huzilima na kuzishusha Morogoro mjini. Basi tufanye mfano wa mzee mmoja wa huko. Amelipwa kwa simu, akaenda kwa wakala mtaa wa Mafiga kutoa kidogo. Macho yake hayaoni vizuri, akampa kijana simu na kumtajia namba kwa sauti: mwaka aliozaliwa. Foleni nzima ikasikia. Akiibiwa simu njiani, mavuno ya msimu mzima yamekwenda.

Fedha kwa simu zilianza Kenya mwaka 2007, na kwetu Tanzania mwaka 2008. Namba ya siri ya tarakimu nne ni moja kati ya 10,000, tangu 0000 hata 9999. Mwizi hawezi kuzijaribu zote, maana akikosea mara chache huduma hufungwa. Kwa hiyo huanza na zile zipendwazo na watu: 1234, 1111, 0000, kisha mwaka wa kuzaliwa. Miaka tangu 1940 hata 2009 ni namba 70 tu, na uso wa mtu humwonyesha mwizi aanzie wapi.

Chungu hakikai ila juu ya mafiga matatu. Siri hii nayo ina mafiga yake.

Figa la kwanza: Namba isiyokisiwa. Tunga sentensi yako mwenyewe ya maneno manne, kisha hesabu herufi za kila neno. Mathalan, “Bibi alipanda mikarafuu minne” ni 4, 8, 9, 5. Huna haja ya kukariri 4895. Wakumbuka mikarafuu ya bibi. Lakini namba hii msiitumie, kwani imekwisha kusomwa na wote.

Figa la pili: Kila mlango na ufunguo wake. Namba ya fedha za simu isiwe ile ya kadi ya benki. Na panapotakiwa neno la siri, kama katika barua pepe, unganisha maneno manne yasiyohusiana: pakacha, mwezi, nyundo, jirani. Urefu ndio nguvu.

Figa la tatu: Usiitaje. Wakala hana haja nayo, wala kampuni ya simu haikupigii kuiuliza. Asiyeona vizuri na apapase: katika simu nyingi za vitufe, kitufe cha 5 kina alama iliyoinuka, na kutoka hapo vidole huzijua namba nyingine. Ujumbe wa kilaghai upelekwe namba 15040.

Maswali ya kujipima

1. Je, namba yako ni mwaka wa kuzaliwa, wako au wa mwanao?
2. Ni watu wangapi waijuao?
3. Ukiibiwa simu leo, mwizi atajaribu mara ngapi kabla ya kuipata?

Akikosa jibu la kumridhisha, mwanachama na abadili namba yake leo, kabla ya karafuu kupimwa.