Usilipie Sherehe kwa Njaa
Kijitabu cha kaya kwa wanaopunguza uzito

Kwa nini tumeandika

Kila baada ya Idi, kila baada ya Krismasi, na kila Jumatatu ya msimu wa harusi, zahanati yetu inapokea watu wa aina moja. Mama ameshikwa na kizunguzungu sokoni akaanguka. Baba mwenye kisukari ameamka anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Binti anaharisha tangu usiku kwa sababu ya chai ya kupunguza tumbo aliyouziwa stendi. Ukiwauliza wamekula nini, wote jibu lao ni hilo hilo: “Sijala kitu, maana juzi nilikula sana.”

Pilau ya juzi haikuwaleta zahanati. Wameletwa na njaa waliyojipa baada yake. Hili linazuilika kabisa, na tumechoka kuliona.

Kijitabu hiki ni chako wewe unayejitahidi siku za kawaida, kisha unaalikwa. Na kwetu mialiko haiishi: harusi, sendofu, kipaimara, akika, arobaini, Idi mbili, Krismasi, Pasaka. Hatukukatazi kwenda. Wala hatukuambii utafune matango wakati wenzako wanakula biriani. Nenda, kula, furahi na watu wako.

Neno kubwa kuliko yote

Usilipie sherehe kwa njaa, si kabla yake wala baada yake.

Kabla ya sherehe

Kosa huanza mapema. Sare imeshonwa, gauni limerudi kwa fundi linabana kiunoni, na wiki nzima iliyobaki mtu anashinda kwa maji na tunda moja. Mrudishie fundi alegeze. Kuachia mshono ni kazi ya siku moja. Kujinyima wiki nzima kunakutoa nguvu, na uzito wenyewe unarudi ndani ya siku chache.

Mwingine anasema, “Leo mchana sili, nitakula ukumbini.” Kadi imeandikwa saa 12 jioni. Aliyewahi kukaa ukumbini anajua chakula kinatoka saa 4 usiku, pengine saa 5, baada ya keki, zawadi na salamu za kamati. Mtu ambaye hajala tangu chai ya asubuhi anakaa pale na njaa ya kutwa nzima tumboni, chupa mbili za soda zimekwisha mezani, na foleni ya chakula ikianza hachagui tena. Anajaza. Tusimlaumu kwa ulafi. Mwili wenye njaa ndivyo ulivyo, hata wa mtu mwenye adabu zote.

Basi siku ya sherehe kunywa chai asubuhi. Mchana kula kama siku zote: ugali au wali wa kiasi, maharage au samaki, mboga za majani. Kabla ya kutoka nyumbani jioni, tia kitu tumboni. Yai la kuchemsha na kipande cha muhogo vinatosha, au ndizi mbivu na karanga za kujaa kiganja.

Ukumbini

Ukiwa kwenye foleni chungulia mbele uone kuna nini kabla ya kuanza kupakua. Sahani za sherehe zetu hubeba pilau, wali mweupe, ndizi, chipsi na tambi kwa pamoja, na nyama inawekwa juu. Chagua kimoja au viwili unavyovipenda hasa. Kama ni pilau, iwe pilau. Nusu ya sahani iwe kachumbari na mboga, na kipande kimoja au viwili vya nyama au kuku. Keki ikija na unaipenda, kula kipande chako.

Shangazi atakuja na sahani mkononi: “Ongeza mwanangu, mbona umekonda hivyo?” Mjibu kwa heshima, “Asante shangazi, nimeshiba, ni kitamu sana.” Akisisitiza, pokea kijiko kimoja. Kijiko kimoja hakiharibu kitu.

Muziki ukipigwa, inuka ucheze.

Soda na juisi

Hapa tunakaza zaidi kuliko kwenye chakula. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi vijiko 12 kwa siku, na ikiwa chini ya 6 ni bora zaidi. Ukinywa soda mbili ukisubiri chakula umeshapita kiasi cha siku nzima, na hujatafuna hata punje ya wali. Juisi za boksi nazo ni vivyo hivyo. Omba maji kwanza. Ukitaka soda, iwe moja, uinywe na chakula.

Pombe usinywe tumbo likiwa tupu. Anayetumia dawa za sukari asiiguse kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya.

Kesho yake

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kwa hiyo soma taratibu, na msomee asiyejua kusoma.

Kesho yake ni siku ya kawaida. Amka, kunywa chai, kula mchana, kula jioni. Usiruke mlo hata mmoja. Usipunguze ugali ukawa tonge tatu. Usilipie sherehe kwa njaa.

Tunajua linavyokwenda, kwa sababu wanatusimulia. Jumamosi amekula harusini. Jumapili anajiapiza hali kitu. Mchana anavumilia, jioni mikono inatetemeka, na saa 2 usiku amesimama jikoni amefunua sufuria ya kiporo, anakula kwa mwiko, taa haijawashwa ili watoto wasimwone. Analala akijilaumu. Jumatatu anajinyima tena kulipia Jumapili. Ikifika Alhamisi anasema, “Nimeshaharibu, nitaanza upya mwezi ujao.” Mlo mmoja wa harusi ungepita bila madhara. Wiki nzima ya kujinyima na kufakamia ndiyo inayoongeza kilo.

Na haya pia usiyafanye kesho yake:

Usimeze vidonge vya kuendesha. Vinatoa maji na kinyesi, mafuta ya mwilini yanabaki pale pale. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa figo na mzee wanaweza kuishiwa maji na kuzimia.

Usinywe chai wala unga wa kupunguza tumbo unaouzwa mitaani na kwenye simu. Nyingi haziandiki kilichomo ndani yake.

Usijitapishe. Kutapika kwa kujilazimisha kunaharibu meno na koo na kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ukiona unajitapisha mara kwa mara, au unakula kwa kujificha na huwezi kujizuia, njoo utuambie. Ni maradhi, yana tiba, na hakuna atakayekucheka.

Usiende kukimbia juani saa mbili mfululizo hujala. Tembea nusu saa kama unavyotembea siku nyingine.

Usivae plastiki ili utoke jasho.

Tunarudia kwa sababu watu husoma wakasahau: kesho yake, kunywa chai na ule.

Anayefunga zile siku sita za baada ya Idi anafunga kwa ibada, ana daku na ana futari, na huko hatuingilii. Tunamwomba mwenye kisukari tu aonane na mhudumu wa afya kabla ya kuanza, kama alivyotakiwa kufanya kabla ya Ramadhani.

Mizani

Usipande mizani kesho yake. Itaonyesha kilo moja au mbili zimeongezeka, nawe utashtuka ujinyime. Sehemu kubwa ya hizo ni chakula kilicho bado tumboni na maji yaliyoshikwa na chumvi ya pilau na mishkaki. Yanatoka yenyewe ndani ya siku chache ukila na kunywa maji kama kawaida. Kilo moja ya mafuta haijengeki kwa mlo mmoja.

Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya chai. Anayepungua nusu kilo kwa wiki anakwenda vizuri.

Sherehe ikiwa nyumbani kwako

Kiporo ndicho kinachofanya sherehe ya siku moja iwe ya siku nne. Asubuhi pilau na chai, mchana pilau, jioni pilau, kwa kuwa kutupa ni dhambi na kuna sufuria mbili zimejaa. Gawa usiku ule ule. Kila mgeni anayetoka apewe chake kwenye kontena au mfuko, na majirani wapelekewe. Soda zilizobaki rudisha dukani pamoja na kreti.

Wali au pilau vilivyolala nje usiku kucha visiliwe. Kuvipasha moto, hata vikachemka, hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kilipopakuliwa. Kama huna friji, pika kiasi au gawa.

Watoto

Usimpunguzie mtoto chakula kwa sababu wewe unapunguza uzito.

Mjamzito na anayenyonyesha

Huu si wakati wa kujinyima chakula. Ongea na kliniki yako.

Mwenye kisukari asome hapa mara mbili

Kwako wewe njaa ya kesho yake inaweza kuua. Insulini, na vidonge kama glibenklamidi, vinaendelea kushusha sukari hata kama hujala. Mzee mmoja alikula vizuri Idi, kesho yake akameza kidonge chake kama kawaida na kuacha chai “ili kusawazisha”. Wajukuu walimkuta barazani saa 5 asubuhi, kanzu imelowa jasho, hawatambui. Walidhani amechoka na sherehe. Alipona kwa sababu jirani alijua la kufanya.

Usiruke mlo baada ya kumeza dawa au kuchoma sindano. Usiongeze dozi kwa kuwa ulikula sana. Usiache dawa kwa kuwa umepanga kushinda njaa. Acha huo mpango wa njaa. Ukienda ukumbini ambako chakula kitachelewa, beba chakula chako kidogo pamoja na pakiti ya glukosi au sukari mfukoni, na mwambie uliyekaa naye kwamba una kisukari.

Kila mtu nyumbani ajue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, kuona ukungu, kuongea kama mlevi.

Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii hapa. Subiri dakika 15. Kama hajarejea vizuri, mpe tena kiasi kile kile. Akishapata nafuu, ale chakula: mkate, wali au uji.

Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni, hata maji, hata asali, kitamkaba. Mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri, mpeleke hospitali sasa hivi.

Hata akizinduka na kusema yu mzima, mpelekeni. Dawa iliyo mwilini inaweza kushusha sukari tena baada ya saa kadhaa, hasa kwa mzee na kwa mwenye figo dhaifu. Mkitoka, chukueni pakiti za dawa zake zote mwende nazo, mganga aone alichomeza na saa aliyomeza.